Asiyetaka Kujua Ana Hatia Gani?

Walimu wa maadili wana swali moja la zamani, ambalo kila kizazi huliuliza upya kwa maneno yake: Je, mtu aweza kuhukumiwa kwa jambo asilolijua? Jibu la haraka ni kwamba hawezi. Aliyemkanyaga nyoka gizani hakumtafuta nyoka. Mgeni aliyeketi mahali pa mzee wa nyumba haambiwi kwamba ana kiburi. Huonyeshwa mahali pengine, na mazungumzo yakaendelea. Lakini jibu hilo lina mlango wa nyuma, na watu wengi wenye akili zao wamezoea kutokea huko kila wanapotakiwa kujibu juu ya matendo yao. Leo twataka kuutazama mlango huo. Mahali tutakaposimama ni Utete, katika nchi ya Rufiji, na jambo lenyewe ni petroli na maji ya kisima.

Huenda msomaji wa Bukoba au wa Songea akashangaa kwa nini tumekwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Tumekwenda huko kwa sababu watu wa Rufiji wanajua thamani ya maji kuliko wengi wetu, maana maji yamewalisha na maji hayo hayo yamewahamisha. Mababu zao walilima bondeni, wakafuata mto ulipopanda na uliposhuka, wakapanda mpunga wakati wa mafuriko na mahindi maji yalipotoka. Kisha yakaja mafuriko makubwa ya mwaka 1968, na baada yake agizo la Serikali la kuwatoa watu bondeni na kuwapeleka sehemu za juu. Kazi hiyo ilijulikana kwa jina la Operesheni Rufiji. Mtu aliyehamishwa kutoka ukingo wa mto hadi juu ya kilima amebadilisha zaidi ya nyumba. Jana alichota maji mtoni, na mto ni kitu cha wazi, kila mtu auona ukiwa safi au mchafu. Leo achota kisimani, na kisima hupata maji yake gizani, mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Kwa upande mwingine, barabara nayo ilikuja. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na pantoni ya Ndundu ikastaafu. Lami ikaunganisha Kibiti na Ikwiriri na nchi za kusini mpaka Lindi. Kibiti ikakua, na mwaka 2016 ikawa wilaya yenyewe. Pikipiki zikajaa, mashine za mashua zikajaa huko Nyamisati na katika vijiji vya delta, pampu za kumwagilia bustani zikaongezeka. Vyote hivyo vyanywa petroli au dizeli. Wala hatusemi hivyo kwa kulalamika. Mama mwenye uchungu wa uzazi anayefikishwa hospitali kwa gari usiku anaijua neema ya petroli kuliko mhariri yeyote. Tena, kituo cha mafuta kilichojengwa barabara ni salama mara nyingi kuliko desturi ya kuuza petroli kwa chupa za maji na madumu mlangoni pa nyumba yenye watoto na jiko la mkaa. Ndiyo maana Wakala wa Nishati Vijijini, katika miaka hii, umekuwa ukiwakopesha watu fedha wajenge vituo vijijini. Ni jambo la kusifiwa. Swali letu laanza pale kituo kinapokwisha kujengwa, tangi likafukiwa, na saruji ikamwagwa juu yake.

Tumchukue mtu wa mfano, tumwite Bwana Fulani, asiye na jina wala nyumba katika mji wowote, ili asiwepo wa kununa. Bwana Fulani ni mtu mwema. Husali, husomesha watoto wa marehemu ndugu yake, hamdhulumu mteja hata nusu lita. Kila asubuhi kijana wake hutumbukiza ufito katika tangi, hutazama mafuta yamefika alama gani, kisha hulinganisha na hesabu ya pampu. Asubuhi moja kijana asema, “Mzee, zimepungua lita nne ambazo hatukuziuza.” Naye ajibu, “Ni jua hilo, mwanangu. Petroli huruka.” Kesho yake zimepungua nne tena. “Ni lori, mwanangu, lilituletea pungufu.” Wiki ijayo ni pampu iliyopoteza kipimo. Na kwa kweli petroli huruka. Na kwa kweli malori huleta pungufu. Na pampu hupoteza kipimo. Hakuna hata neno moja la uongo katika yale aliyoyasema. Ila katika sababu zote ziwezazo kueleza upungufu huo, amechagua kila siku ile isiyomgharimu kitu, na ile moja ya kumgharimu, yaani tundu katika tangi au katika bomba, hajaitaja hata kwa bahati.

Hebu tupige hesabu, maana katika jambo hili hesabu ni sehemu ya maadili. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Tangi linalovuja tone moja kila sekunde hupoteza matone 86,400 kwa siku, yaani lita nne na kidogo. Kwa mwaka ni lita 1,500 na zaidi. Kwa miaka mitano ni karibu lita 8,000. Tone moja! Ukilitazama likidondoka usingeamka kitini. Sasa, petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na kimoja kati yake chaitwa benzeni. Wataalamu wa dunia nzima wamekwisha kubaliana kwamba benzeni huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wake katika maji ya kunywa: mikrogramu 10 katika lita moja, wala zisizidi. Ikiwa petroli ina benzeni sehemu moja tu katika mia, lita moja ya petroli hiyo ina benzeni gramu nane hivi. Na gramu nane zingeweza, kama zingeyeyuka zote, kuyafikisha kwenye mpaka huo maji lita 800,000. Na zaidi ya hapo kuna jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote: ulimi wa binadamu hauionji benzeni mpaka iwe imeuvuka mpaka huo mara nyingi sana. Bibi anayechota ndoo yake alfajiri, akayaonja maji na kuyasifu kwa utamu, hakusema uongo. Ulimi wake ni shahidi mwaminifu ambaye hakuwapo mahali pa tukio.

Basi turudi kwa Bwana Fulani. Je, ana hatia? Yeye hajui kama tangi linavuja. Akiapa mbele ya hakimu kwamba hakujua, ataapa kweli.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilipambanua jambo hili kwa utulivu wake wa kawaida. Alifundisha kwamba si kila kutojua ni kosa. Hakuna anayelaumiwa kwa kutojua asiyoweza kuyajua, wala asiyopaswa kuyajua. Lakini iko namna nyingine ya kutojua, ile ambayo mtu huitaka mwenyewe: ama kwa uvivu, hajisumbui kuuliza, ama kwa kusudi kabisa, huepuka kuuliza ili abaki huru kuendelea na shauri lake. Ya kwanza ni uzembe. Ya pili hailipunguzi kosa; yaelekea huliongeza, kwa kuwa mtu ameipenda njia yake kiasi cha kulifukuza lile ambalo lingemzuia. Yeye aliyetaka asijue, amekwisha kujua kiasi cha kutosha kumfanya ageuze uso.

Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, mwalimu wa hesabu aitwaye William Kingdon Clifford, alilisema hilo hilo kwa hadithi. Clifford hakuwa rafiki wa dini hata kidogo, lakini neno la kweli hatulikatai kwa sababu ya mdomo uliolitoa. Alisimulia juu ya mwenye meli iliyokwisha kuzeeka, iliyokuwa karibu kuchukua abiria wengi wahamiaji. Mashaka yalimjia kwamba yafaa meli ichunguzwe. Mashaka hayo yalimkosesha raha, tena ukaguzi ni gharama. Basi akajikumbusha safari zote ambazo meli ilirudi salama, akajituliza moyo, hata akaamini kwa dhati kwamba ni nzima. Ilipozama na watu wake katikati ya bahari, alipokea fedha za bima na asiseme neno. Clifford auliza kama unyofu wa imani yake wamwokoa, naye ajibu kwamba haumwokoi, kwa kuwa hakuipata imani hiyo kwa uchunguzi. Aliipata kwa kuyanyamazisha mashaka yake. Kisha aongeza jambo ambalo wasomaji wengi hushtuka kulisikia: hata kama meli ingefika salama, mwenye meli angekuwa na hatia ile ile, ila isingegunduliwa.

Hapo twamfuata nusu ya njia. Katika dhamiri, ndiyo: Bwana Fulani aliyekataa kutazama ni yule yule, tangi livuje lisivuje. Lakini maadili hayaishii katika dhamiri ya mwenye mali. Kuna na yule jirani. Torati ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, yaagiza juu ya mtu aliyefukua shimo asilifunike, akatumbukia ng’ombe au punda wa mtu: mwenye shimo atalipa. Haiulizi alikuwa na nia gani siku ile. Haiulizi kama alijua kwamba punda angepita. Shimo ni lake, basi hasara ni yake. Haya ni mambo mawili, nayo yafaa tuyatenganishe, kwa maana watu huyachanganya kwa faida yao: hatia hufuata moyo, deni hufuata shimo. Mwenye tangi aliyefanya yote yaliyompasa, akapima, akatengeneza, na bado tangi likapasuka, hana dhambi ya kuungama. Lakini maji ya jirani yamwita alipe, naye asijibu kwamba dhamiri yake ni nyeupe. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi huko Rufiji, wana katika sheria yao fundisho la harimu ya kisima, yaani eneo la kukizunguka kisima ambalo haliruhusiwi kutumiwa kwa namna ya kukidhuru. Na sheria ya nchi yetu, ile ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, imeyaweka yote mawili: kila akaaye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na anayechafua ndiye alipaye.

Lakini mtu alipe nini, kama hakuna ajuaye kwamba kuna deni? Hapo ndipo kinapoingia kile kitu kidogo ambacho kimetufanya tuandike makala haya, yaani kisima cha kupimia.

Kisima hicho hakichotwi maji ya kunywa. Ni tundu jembamba lililotobolewa karibu na matangi mpaka chini kidogo ya pale maji ya ardhini yanapoanzia. Ndani yake hutiwa bomba la plastiki lenye nyufa nyembamba sehemu ya chini, na changarawe safi kulizunguka, ili maji yaingie na mchanga ubaki nje. Juu hufunikwa kwa kifuniko chenye kufuli. Kimoja hakitoshi. Maji ya ardhini hayakai kama maji ya mtungini; yasafiri polepole, katika mchanga pengine sentimita chache kwa siku, pengine zaidi, na katika udongo wa mfinyanzi ni kama hayasogei. Yatokako na yaendako hayajulikani kwa kutazama mteremko wa ardhi peke yake. Ukiwa na visima vitatu visivyo katika mstari mmoja, ukapima katika kila kimoja uso wa maji uko kwenye kimo gani, waweza kujua yanaelekea upande gani. Basi kimoja huwekwa upande yanakotoka maji, ili ijulikane yalikuwaje kabla ya kufika kituoni, na vingine upande yanakokwenda, kati ya tangi na jirani. Kile cha kwanza humlinda mwenye kituo: kama uchafu umetoka kwa mwingine, kitamshuhudia. Twawaomba wafanyabiashara walikumbuke hilo, maana wengi wao hukiona kisima cha kupimia kama askari aliyewekwa mlangoni pao, wasitambue kwamba askari huyo huyo aweza siku moja kuwa wakili wao.

Kuchota nako kuna adabu yake. Maji yaliyolala katika bomba hutolewa kwanza, ili yaje mapya kutoka ardhini. Hutazamwa kama juu yake pana ngozi ya mafuta, kwa sababu petroli ni nyepesi, huelea. Kisha kichupa hujazwa mpaka juu kabisa pasibaki hata kiputo cha hewa, kwa kuwa benzeni hurukia hewani upesi. Hufungwa, huwekwa katika barafu, hupelekwa maabara bila kukawia. Kichupa kilichojazwa nusu na kuachwa juani juu ya kiti cha gari mpaka Dar es Salaam kitaleta jibu zuri sana, nalo litakuwa la uongo. Twasema hivyo kwa sababu kuna njia ya kupima ambayo ni namna nyingine tu ya kutotaka kujua. Mtu aweza kuchimba visima vyote vitatu upande yasikokwenda maji. Aweza kupima kiangazi peke yake, maji yakiwa chini sana, asipime masika yanapopanda na kuogelea katika udongo ulionywa mafuta. Cheti atapata, na ukutani kitapendeza.

Mfanyabiashara atatujibu: “Bwana Mhariri, maneno ni rahisi. Mimi sina mashamba ya mafuta Arabuni. Nina tangi moja, deni la benki, na faida ya shilingi chache katika lita. Visima vitatu, fundi wa kuvitoboa, maabara kila mwaka, nani atalipa?” Hilo ni jibu la haki, wala hatulipuuzi. Lina na ndugu yake mwenye elimu, asemaye kwamba hata maumbile yenyewe hutibu: katika udongo wamo viumbe wadogo wasioonekana ambao hula benzeni, hasa pale penye hewa, na uchunguzi uliofanywa katika vituo vingi huko Marekani umeonyesha kwamba mara nyingi uchafu huo hausafiri hata mita mia moja kabla ya kuishiwa nguvu. Ni kweli nayo. Muumba hakuiacha ardhi bila dawa. Lakini tuulize, katika mji kama Utete au Kibiti, kisima cha jirani kiko mita ngapi kutoka kituoni? Aliye mbali mita mia mbili atafarijika kwa habari za viumbe hao. Aliye mbali mita thelathini asiambiwe habari za wastani.

Kuhusu gharama, twaona kuna uonevu kumdai mwenye pampu mbili mambo yale yale, kwa kiasi kile kile, anayodaiwa mwenye matangi kumi. Wajibu hupimwa kwa hatari na kwa uwezo. Aliye mbali na visima vya watu, katika udongo mzito wa mfinyanzi, mwenye tangi jipya la kuta mbili, na adaiwe kidogo. Aliye katika mchanga, jirani na kisima cha shule, tangi lake la chuma limekula kutu miaka ishirini, huyo aseme mwenyewe kama lipo jambo la kumsamehe. Lakini lipo jambo moja ambalo halina gharama na ambalo mdogo na mkubwa wamo sawa: ule ufito wa asubuhi, na daftari. Daftari lililoandikwa kwa ukweli, likajumlishwa kila mwezi, lingeonyesha tangi linalovuja muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutoboa ardhi. Wala halihitaji mtaalamu. Lahitaji mzee ambaye kijana wake haogopi kumwambia lita nne zimepungua kwa mara ya ishirini na moja.

Na asiyeamini kwamba gharama ya kutotazama ni kubwa kuliko ya kutazama, na atazame kwa majirani zetu Kenya. Bomba la kusafirisha mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Mwezi Mei 2015 mafuta yalionekana yakitiririka katika mto Thange, huko Kibwezi katika kaunti ya Makueni. Mto, udongo na maji ya ardhini viliharibika, na wakulima waliotegemea mto huo wakabaki na mashamba wasiyoweza kuyamwagilia. Walikwenda mahakamani. Ilikuwa mwaka 2025, yaani miaka kumi baadaye, mahakama ilipoamuru walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Mtoto aliyezaliwa mafuta yalipoonekana alikuwa amefika darasa la nne au la tano. Huko Marekani, nchi yenye fedha na maabara, tangu miaka ya 1980 wamehesabu matangi zaidi ya nusu milioni yaliyovuja chini ya ardhi. Na mji wa Santa Monica, katika jimbo la California, ulifunga visima vyake mwaka 1996 ukapoteza karibu nusu ya maji yake, kwa sababu ya dawa iliyokuwa ikitiwa ndani ya petroli ili moshi wa magari upungue. Walitaka kuisafisha hewa wakachafua maji. Nia njema nayo yataka kupimwa.

Tumemsema sana mwenye kituo; haki yataka wengine wasikie zamu yao. Afisa aliyepewa na Serikali kazi ya kukagua, akafika, akanywa soda, akatia sahihi kitabu bila kufunua kifuniko cha kisima, ameuza kitu kisicho chake. Sheria zipo, na ofisi zipo: liko Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, iko Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iko Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji huko Iringa. Ofisi zikiwa nyingi, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyetazama. Nasi wananchi pia tuna kutojua kwetu kwa kupenda. Mwenye nyumba aliyepangisha kiwanja chake kwa kituo, akalipwa kodi nzuri, haulizi. Fundi aliyeona udongo unanuka petroli alipokuwa akifukua msingi, akaambiwa “funika upesi, tumalize kazi,” akafunika. Familia inayonuka kitu kisimani lakini yanyamaza kwa sababu mwenye kituo ndiye aliyetoa ng’ombe siku ya arusi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemwaga tone. Kila mmoja ameshika kona moja ya turubai lililofunika jambo hili, na mmoja wao tu akiachia, jambo litaonekana.

Plato, mwenye hekima wa Ugiriki ya kale, alipokuwa akitunga sheria za mji wa mawazo yake, alifikiri kwamba udongo, jua na upepo, vinavyoilisha mimea pamoja na maji, si rahisi kwa mtu kuviharibu au kuviiba. Lakini maji huharibika kwa wepesi, kwa hiyo yahitaji sheria ya kuyasaidia. Na sheria aliyoiweka ni hii: atakayeharibu maji ya mwenziwe kwa sumu atalipa hasara, na juu ya kulipa ataitakasa chemchemi yenyewe, au hodhi la maji. Twaipenda sana sehemu hiyo ya pili. Katika siku zetu fidia imekuwa neno la fedha peke yake: mtu hupewa bahasha, hutia dole gumba, na kisima hubaki kama kilivyokuwa. Lakini maji ya ardhini hayatakaswi kwa bahasha. Tangi hutolewa, udongo ulioloa hufukuliwa, hewa hupulizwa chini au maji huvutwa na kuchujwa, kisha hupimwa tena, mwaka baada ya mwaka, kwa vile visima vile vile vya kupimia. Hiyo ndiyo kazi, nayo ni ndefu, na aliyekwisha kupokea bahasha mara nyingi hana tena wa kumdai kazi hiyo.

Mwezi Aprili 2024 mto Rufiji ulipanda tena, ukafunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti, na maelfu ya watu wakahama. Maji ya ardhini yakipanda namna hiyo, tangi lililo tupu au lenye mafuta kidogo hutaka kuelea kama mtumbwi. Huvuta mabomba yake, huyapindisha, na pengine huyakata kwenye maungio. Maji yakishuka, kila kitu juu ya saruji huonekana kama kilivyokuwa. Pampu huwashwa, foleni ya pikipiki hurudi. Mahali ambapo maji yalifika, kituo kikubwa au kidogo, mabomba yapimwe kwa shinikizo, na maji ya kisima kilicho jirani yapelekwe maabara masika na kiangazi. Na majibu ya maabara yakija, yasiishie katika faili la mwenye kituo na la afisa. Nakala moja iandikwe kwa Kiswahili, ibandikwe ubaoni katika ofisi ya kijiji, penye orodha ya michango na tangazo la chanjo, mahali ambapo yule bibi wa alfajiri hupita na ndoo yake na mjukuu wake ajuaye kusoma.